Debe la Alizeti Mlangoni mwa Gari

Siku ile uani kwangu tulikuwa watu saba, nami nitawataja kwa undugu wao tu. Nilikuwepo mimi mwenye nyumba. Alikuwepo kitinda mimba wangu, fundi bodi, ambaye gereji yake iko njia panda, kwenye barabara kubwa ya malori. Alikuwepo dalali wake, na huyo dalali si mtu baki, ni mtoto wa mdogo wangu marehemu, kwa hiyo na yeye ni mwanangu na huniita mama mkubwa. Alikuwepo jirani yangu ambaye shamba lake linapakana na langu; alikuja kuomba chumvi akakaa. Halafu walikuwepo wageni watatu kutoka upande wa Biharamulo: mzee wa Kisukuma, mfugaji, na mke wake, na kijana wao aliyekuja ili aendeshe. Hao hawakuwa na undugu wowote na sisi. Wa nane alikuwa beberu wangu, na mnisamehe kumhesabu pamoja na watu, lakini bila yeye sina cha kuandika.

Majina yao wote ninayo. Mimi jina halinipotei. Watu hunijia hapa kuniuliza mtoto wa fulani alibatizwa nani, na mke wa kwanza wa fulani alitoka kwa nani. Hata wale wakimbizi wa kambi ya Lukole niliokuwa nawauzia ndizi, wengi bado ninaweza kuwataja mmoja mmoja na watoto wao. Lakini humu sitaandika jina hata moja. Mwanangu bado anafanya kazi palepale njia panda, na wale wageni wana wajukuu wanaokwenda shule. Sitaki mtu aoneshwe kidole gulioni kwa ajili ya maandishi yangu.

Sasa niseme kazi ya mwanangu, maana wengine mnaona gari linang'aa mnadhani limezaliwa hivyo.

Barabara yetu ina miteremko, na magari huanguka. Likianguka, mwenyewe hukata tamaa nalo, na mwanangu hulinunua lilivyo. Hulifunga mnyororo kwenye mkaratusi mnene ulio nyuma ya gereji, akalivuta mpaka mbavu zake zirudi mahali pake. Kisha hukaa ndani na nyundo, akigonga palipobonyea taratibu kutoka ndani kwenda nje, huku ameshika kipande cha chuma upande wa pili. Kugonga huko ndiko kazi yenyewe, naye anaijua. Nikipita njia panda kwenda gulioni huwa naisikia nyundo yake kabla sijaiona gereji, na nilikuwa najisikia vizuri. Pale nyundo inaposhindwa, hupaka puti. Puti ni kama udongo laini wa kukandika nyumba. Huchanganywa na dawa ya kugandisha, ikapakwa juu ya bati, ikakauka, ikasuguliwa kwa msasa na maji mpaka mkono wako hauoni tofauti. Juu yake rangi. Puti kidogo si dhambi, kila fundi huitumia. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo.

Rangi mbichi na vumbi la barabarani ni maadui. Ndiyo sababu akaanza kuleta magari kukaukia kwangu, huku ndani upande wa Mbuba, ambako migomba inazuia upepo. Madirisha yanakuwa yamefunikwa magazeti, na mimi nilikuwa nikizunguka gari nayasoma yale magazeti polepole, kwa ule usomaji wangu wa kisomo cha watu wazima, mpaka nafika kwenye kona palipokatwa nakosa mwisho wa habari. Nilifurahia. Mama mwenye gari uani hata kama si lake anaamkiwa kwa namna nyingine.

Siku moja ya Pasaka mwanangu alinipeleka misa na mojawapo ya magari hayo. Watu waliniona nikishuka. Hiyo ni mara moja tu, na gari lile liliuzwa zamani. Lakini dalali naye alikuwa pale kanisani, akaona jinsi watu walivyotazama. Nadhani hapo ndipo alipopata maneno yake.

Beberu wangu alikuwa na tabia moja. Akijiona kwenye mlango uliong'arishwa, alidhani ni beberu mwingine ameingia uani, basi alirudi nyuma, akasimama kwa miguu miwili, akaja na pembe. Gari la kwanza lililoletwa kwangu alilibonyeza hivyo na mwanangu akarudia kazi yote. Tangu hapo ikawa amri: gari likiwepo, beberu afungwe nyuma ya jiko.

Gari la siku ile lilikuwa jeupe, refu kidogo, lile la aina wanayopakia abiria na mizigo. Nililiona lilipofika gereji likiwa linaburutwa. Mlango wa nyuma, upande wa dereva, ulikuwa umeingia ndani, na chini ya mlango chuma kilikuwa kimeoza unaweza kukitoboa kwa kidole. Siku chache baadaye mwanangu akaja nyumbani kuniomba debe langu, lile la mafuta ya kula, lenye picha ya ua kubwa la alizeti. Nilikuwa natunzia mbegu za maharage. Nikamuuliza la nini. Akasema la kukingia chuma. Nikamwaga mbegu kwenye ungo, nikampa debe. Sikuuliza zaidi. Mtoto anapokuja kuomba chombo kwa mama yake haulizwi sana.

Gari likaja kukaukia kwangu, jeupe kama sahani mpya. Magazeti yakabanduliwa. Nikamfunga beberu.

Wageni walifika kabla ya jua kuwa kali, kwa bodaboda mbili. Yule mama alikuwa amepakiwa katikati ya dereva na kijana wake, miguu imenyooka pembeni, imevimba na kufungwa vitambaa. Ilichukua muda kumshusha. Kijana aliniamkia shikamoo nikaitika, mzee akanisalimia kwa heshima zote za kwao, mikono miwili. Wakaeleza haja yao wazi, bila kuzungukazunguka: mama anahitaji kupelekwa hospitali mara kwa mara, na bodaboda inamuumiza. Wameuza ng'ombe. Wanataka gari la kumbebea huyu mama, na hawataki gari la wahuni. Wamesikia kwamba hapa kuna gari la bibi kizee.

Nikamtazama mwanangu. Yeye akatazama matairi.

Dalali akashika hotuba. Akasema, "Gari hili ni la huyu mama mkubwa wangu. Mwanae alimnunulia la kuendea kanisani. Jumapili linatoka, likirudi linafunikwa, halina safari nyingine."

Yule mzee hakumjibu dalali. Alinigeukia mimi. "Ndivyo, mama?"

Nilisema, "Karibuni sana. Karibuni mkae, chakula kiko jikoni."

Hilo si jibu. Lakini mzee alilipokea kama jibu, kwa sababu kwa watu wenye adabu mama mwenye nyumba akisema karibuni, mambo ni mema. Aliinamisha kichwa, akashukuru, akaanza kulizunguka gari pamoja na kijana wake. Walifungua boneti, wakasikiliza injini. Injini ilikuwa nzima kweli, hapo hakuna aliyedanganya. Dalali alikuwa anatembea nao akijiweka kila mara kwenye ule upande wa mlango wa nyuma, na gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa huo upande karibu sana na migomba, mtu asipite kwa raha. Mimi nilikuwa nimefagia uani asubuhi ile nikashangaa kwa nini limesogezwa pale. Sasa nikaelewa. Jirani yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda na chumvi yake mkononi, akaninong'oneza tangu lini nina gari.

Yule mama akasema anataka kukaa ndani aone kama miguu itanyooka. Wakamsaidia kuingia kwa upande wa pili, akajisogeza polepole mpaka akafika nyuma ya kiti cha dereva, akaegemea mlango. Ule mlango. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Akanichungulia dirishani.

"Mayu," alisema, ndivyo wao wanavyomwita mama, "na wewe hukaa wapi ukienda misa?"

Dalali akadakia, "Hapo hapo ulipokaa, mama. Ni mahali pake."

Yule mama akapigapiga kiti kwa kiganja. "Basi njoo, mwenzangu, tukae wote tuone tukienea."

Nikasema nina chungu motoni. Nikaondoka.

Jikoni chungu kilikuwa kimeshaiva, nilikuwa nimekiepua kabla hawajafika. Nilisimama pale nikisikia sauti ya dalali inaendelea na ya mwanangu haisikiki. Nilijua sasa debe langu liko wapi. Nilimwona yule mama na bega lake, na kati ya bega na barabara yetu yenye malori, hakuna chuma, kuna puti na debe la mafuta. Nilitakiwa kutoka na kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu, mtoto mdogo angeyasema. Lakini kumwambia mgeni mbele ya mwanangu kwamba mwanangu anadanganya, na huyo ndiye anayenilisha, na jirani amekaa pale, sikuweza. Mdomo ulikataa kabisa.

Nikapita mlango wa nyuma. Nikafungua kamba ya beberu.

Nilidhani yule mama ameshashuka. Hilo naliandika mara moja tu kwa sababu linanichoma. Sikwenda kwanza kutazama. Nilifungua kamba, nikarudi jikoni, nikashika mwiko kama mtu anayepika.

Beberu alizunguka nyumba taratibu, akila maganda, akapita upande wa migomba. Nilimsikia anasimama. Kisha kishindo, na juu ya kishindo, sauti ya yule mama ikipiga yowe ndani ya gari.

Nilipotoka mwanangu alikuwa ameshamkamata beberu pembe. Puti ilikuwa imebanduka kipande kipana kama sinia na kuvunjika chini. Na pale mlangoni, katikati ya weupe wote ule, lilikuwa ua la alizeti, la njano, halijakwaruzika, limepigwa misumari ya ribiti kuzunguka pembeni.

Kisha jirani yangu akainuka kwenye kigoda, akasogea, akainama.

"Jamani," alisema, "si debe lako la mbegu hili?"

Akacheka. Simlaumu, hata mimi ningekuwa kwake ningecheka. Kijana wa wageni naye akacheka kidogo, akamwona baba yake, akanyamaza. Dalali alianza kusema kwamba hicho ni kitu kidogo, fundi atakimaliza jioni hii hii, na mzee akamnyooshea kiganja, si kwa hasira, kama mtu anayezuia ndama asipite. Akaenda kwenye mlango mwingine akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaenda wa tatu. Akaenda wa nne. Akamaliza na paa. Ndipo akamgeukia mwanangu.

"Kijana wangu, sisi ng'ombe akiwa na kidonda, tunamsimamisha kidonda kikiwa upande wa mnunuzi. Akishakiona, tunaanza kuzungumza. Wapo wanaonunua hivyo hivyo. Mimi ningeweza kununua hivyo hivyo."

Mwanangu alikuwa bado ameshika pembe za beberu. Akasema, "Ndiyo, mzee." Ni hilo tu alilosema siku nzima ile mbele ya watu.

Mlango ulikuwa umejikunja haufunguki, wakamtoa mama kwa upande ule ule aliouingilia, na ilikuwa kazi, miguu inamuuma. Nilikwenda kumshika. Alikubali mkono wangu. Aliposimama sawasawa hakuuachia. Alinitazama karibu sana, wazee kwa wazee.

"Mayu. Uliwahi kukaa humu?"

"Sijawahi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akasema, "Haya," akauachia mkono.

Sasa mtafikiri waliondoka. Hawakuondoka. Chakula kilikuwa kimeshatajwa na mgeni hakatai chakula kilichotajwa. Wakakaa mkekani, nikawamwagia maji ya kunawa mmoja mmoja, nikawapa ndizi na maharage, yale yale ya kwenye ungo. Wakala. Yule mama akasema maharage yameiva vizuri. Mzee akauliza habari za mvua. Dalali alikuwa ametoweka, hakuaga. Mwanangu alikaa na wageni kama inavyopaswa, akimega tonge dogo dogo haliishi. Nimekula vyakula vingi vya matanga maishani mwangu, na sijawahi kukaa kwenye mlo mzito kama ule. Afadhali wangetutukana.

Kisha bodaboda zikaitwa. Nikaangalia yule mama akipandishwa tena, miguu ikanyooshwa tena pembeni, uso ukajikunja. Alikuja kutafuta kitu cha kumpumzisha akaondoka na maumivu aliyokuja nayo na hofu juu yake. Waliposhika njia ya migombani alinyanyua mkono kuniaga. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, nikanyanyua sufuria.

Mwanangu aliokota vipande vya puti akavitia kwenye ndoo. Akaenda nyuma ya jiko kumfunga beberu. Alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa ameshika kamba, akainyoosha mbele yangu. Kamba ilikuwa nzima, haikukatika wala haikutafunwa.

"Mama," alisema, "ungeniita pembeni ukaniambia."

Ni kweli. Angesikia au asingesikia, hilo silijui, lakini ningekuwa nimesema. Yeye alificha chuma kibovu kwa debe, na mimi nilificha mdomo wangu kwa beberu, na katikati yetu sisi wawili ni mama mgonjwa ndiye aliyepiga yowe. Nimefikiria sana ni nani kati yetu alimkosea zaidi. Kuna siku nasema ni yeye. Leo hii ninapoandika naona ni mimi, kwa sababu mzee aliniuliza mimi, na alitosheka na neno langu, na neno langu lilikuwa karibuni.

Mwanangu alilirudisha gari gereji. Akakata ule mlango akatoa debe, akatafuta bati la kweli, akalichomelea na kulinyoosha kwa nyundo siku nyingi, bila puti ila ile nyembamba ya kuondolea mikwaruzo. Mimi nilikwenda kuona. Nikagonga kwa kidole kama nilivyomwona mzee akigonga, na mlango ukaitika kama chuma. Alitaka kulipeleka Biharamulo kwa wale watu awaoneshe. Alipouliza akaambiwa wameshapata gari kwingine. Sijui kama ni kweli au ni adabu yao tena.

Na wengine hawalitaki. Habari ilitembea gulioni, ikafika Murukulazo, ikafika mpaka ng'ambo ya Biharamulo, na huko kote linaitwa gari la alizeti. Mteja akija, kabla hajafungua boneti anagonga milango na kucheka. Dalali amehamia kwa fundi mwingine. Akikutana na mimi ananiamkia kwa heshima, shikamoo mama mkubwa, lakini hasimami.

Kwa kuwa haliuziki, mwanangu analitumia mwenyewe. Na Jumapili, bila mimi kumwomba, huja kunichukua kwenda misa. Tunatoka Jumapili na kurudi, na likirudi linafunikwa, na sehemu kubwa ya wiki halina safari nyingine. Nakaa nyuma ya kiti chake, naegemea ule mlango. Karibu yote aliyoyasema dalali siku ile sasa ni kweli, na mimi nikishuka mbele ya kanisa natazama chini. Kina mama wanatazama mlango. Jumapili moja mmoja wao aliugonga kidogo kwa kidole, akidhani simwoni. Zamani nilitaka sana watu wanione nikishuka kwenye gari.

Debe mwanangu alinirudishia. Alilinyoosha akalikunja upya, mashimo ya ribiti yako palepale, haliwezi kushika mbegu. Nimeliweka jikoni na ua limeelekea ukutani.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Jirani yangu anasema mzee aligonga paa kwanza na milango baadaye, na kwamba wageni walikuja kwa bodaboda tatu, na huenda yuko sahihi, yeye alikuwa amekaa akitazama na mimi nilikuwa naingia na kutoka. Kama na wewe ulikuwepo, au ulisimuliwa na aliyekuwepo, na unaona nimeweka kitu mahali si pake, uje unieleze. Kwangu panajulikana, na nitarekebisha. Na kama ni wewe mayu, wa upande wa Biharamulo, au mtoto wako anakusomea haya, unirekebishe hata pale niliposema uliniaga kwa mkono. Nimeliandika kwa sababu nalikumbuka hivyo, lakini nilikuwa mbali, na kati yetu kulikuwa na migomba, na inawezekana ulikuwa unajishikilia tu.